Goti la Chuma na Dawa ya Ng'ombe

Siku hizi nakaa kwenye kiti kirefu nilichotengenezewa na seremala kwa kipimo changu, maana kwenye kiti cha kawaida siinuki bila kuvutwa mkono. Goti langu la kulia linakunjika kidogo, kisha linagoma. Lakini lipo, ni kavu, na halitoi harufu. Naandika kwa ajili ya mtu aliyewekewa goti la bandia au anayesubiri kuwekewa, na kwa ajili ya mke na watoto wake. Mambo ya kidaktari siyajui na sitayaeleza. Nitaeleza niliyoyafanya mimi, na mengi yalikuwa makosa.

Nilifanya kazi kwenye josho la ng'ombe kwetu Butiama kwa miaka thelathini. Nilimaliza kidato cha nne, nikapewa mafunzo mafupi ya mifugo, na baada ya hapo maisha yangu yakawa ni kusimama kwenye sakafu ya saruji iliyolowa, nikipitisha ng'ombe wa watu kwenye dawa ya kupe. Ng'ombe akichanwa na mti, waliniita mimi. Ng'ombe akikataa kula, waliniita mimi. Watu waliniita Daktari, kwanza kwa utani, baadaye kwa mazoea, na mimi nikalizoea jina hilo kuliko lilivyonistahili. Nilipostaafu, sanduku langu la dawa za mifugo lilikuja nyumbani likakaa chini ya kitanda.

Magoti yaliisha pale pale joshoni. La kulia lilifika mahali ambapo kwenda chooni ilikuwa safari ya kupangwa. Binti yangu Nyangeta, ambaye ni fundi cherehani Manyamanyama, Bunda, ndiye aliyehangaika na hospitali ya Musoma mpaka nikapata nafasi ya kuwekewa goti la chuma. Nilipasuliwa mwanzoni mwa kiangazi, mtama ukiwa umeshavunwa. Kazi ilikwenda vizuri. Siku ya tatu nilitembea kwenye korido nikishikilia fremu, nikamwambia mke wangu kwamba kufika Krismasi nitachunga mwenyewe.

Kabla sijaruhusiwa, muuguzi mmoja alikaa kitandani kwangu akatueleza taratibu. Bandeji isilowe. Isifunguliwe nyumbani. Nikiona majimaji, wekundu, joto au homa, nirudi siku hiyo hiyo, hata kama ni Jumapili.

"Hata kama ni tone moja?" nikauliza.

"Hata kama ni tone moja, baba."

Kwa hiyo siwezi kusema sikuambiwa.

Makubaliano yalikuwa nikae kwa Nyangeta Bunda wiki sita, karibu na barabara ya kwenda Musoma. Nilikaa mpaka siku ya tisa tangu nipasuliwe. Nyumbani nilikuwa na mtamba aliyekaribia kuzaa kwa mara ya kwanza, na nilikuwa na wasiwasi naye.

"Baba, ng'ombe wanazaaga wenyewe," Nyangeta aliniambia. "Walizaa kabla hujazaliwa."

"Huyu ni mara yake ya kwanza."

"Na wewe goti ni mara yako ya kwanza."

Tulibishana mpaka mama yake akaomba tunyamaze. Mwisho nikaenda, kwa gari la jirani, mguu umenyooshwa kwenye kiti cha nyuma. Nyangeta aliweka sharti moja: atanipigia kila jioni aulize habari za mguu, na mimi nitamwambia ukweli.

Siku ya kumi na mbili niliona doa kwenye bandeji. Lilikuwa dogo kama kifuniko cha soda, la rangi ya chai ya maziwa iliyopoa. Nilikaa nikiliangalia. Nilijua maana yake. Nilijua pia kwamba nikipiga simu Bunda, jambo la kwanza nitakaloambiwa ni kwamba nilionywa, na la pili ni kwamba gari linakuja kunichukua. Ndama alikuwa amezaliwa siku moja kabla.

Nilisubiri mke wangu aende kisimani. Nikavuta sanduku kwa fimbo kutoka chini ya kitanda, nikatoa kopo la dawa ya kupuliza, ile ya bluu tunayowapulizia ng'ombe kwenye vidonda. Nimewaponya ng'ombe wengi kwa dawa ile. Nikafungua bandeji, nikatikisa kopo, nikapuliza juu ya mshono wote kutoka juu mpaka chini, kama ambavyo ningempulizia dume wa mtu. Iliwasha, kisha ikapoa, kisha ikakauka ikawa gamba. Nikafunga bandeji mpya. Najua ni aibu kusema, lakini nilijisikia fundi.

Jioni simu ikaita.

"Mguu vipi, baba?"

"Mguu safi, mwanangu."

Baada ya siku chache nilikwenda Musoma kutolewa nyuzi. Kwenye benchi la kungojea nilikaa kwa muda wa saa tatu hivi, nikipanga maneno. Muuguzi alipofungua alishtuka.

"Hii rangi ni ya nini?"

"Ni GV, binti yangu, ile dawa ya vidonda ya watu. Nilipaka kidogo tu isichubuke."

"Nani alikwambia upake? Imetoa majimaji?"

"Hapana."

Alinigombeza, akanisafisha alivyoweza, lakini ile rangi haitoki kwa maji. Wekundu aliokuwa anautafuta ulikuwa chini ya bluu yangu. Akanipa tarehe ya kurudi baada ya wiki moja. Tarehe ilipofika nilisema kuna msiba kijijini. Hapakuwa na msiba.

Kuanzia hapo ikawa mchezo. Gamba linakaa siku mbili tatu, kisha linapasuka pembeni, majimaji yanatoka, napuliza tena. Mke wangu hakuwa mjinga. Asubuhi moja alisimama mlangoni ameshika shuka.

"Baba Nyangeta, shuka hili lina rangi ya zizini."

"Lifue."

"Nimelifua. Halitoki."

Nikamwambia ninachofanya, na nikamkataza kumwambia mtoto. Hapo ndipo panaponiuma kuliko mshono wowote. Mwanamke yule hajui kudanganya; hata bei ya kuku huwa anaisema ya kweli mara moja. Nikampa uongo wangu aubebe, na kila jioni simu ikiita alikuwa anatoka nje asisikie ninavyojibu.

Kisha zikaja homa. Nilitetemeka juani. Nikasema malaria, nikameza dawa ya malaria bila kupima. Goti likawa na joto lake lenyewe, tofauti na mwili. Mke wangu aliweka kiganja juu yake siku moja akakitoa haraka kama aliyegusa sufuria.

Nyangeta alikuja bila kutuambia. Nilimsikia akimsalimia mama yake uani, kisha akaingia chumbani, na akasimama hatua mbili kutoka mlangoni. Harufu ilimfikia kabla ya salamu yangu. Alichukua mkasi, akakata bandeji, akaangalia usaha uliokuwa unatoka kwenye ile bluu, akaangalia kopo lililokuwa dirishani. Akatoka nje kutafuta gari. Tukaenda moja kwa moja Musoma.

Hospitalini nililazwa kwanza, daktari akaja na faili. Mke wangu na Nyangeta walikuwa wamesimama upande wa miguu.

"Mzee, hii imeanza kutoa majimaji lini?"

"Siku nne," nikasema.

Zilikuwa siku ishirini na tano. Mke wangu aliangalia sakafu.

Daktari alitueleza kwa maneno mepesi. Kama ni siku chache, wanafungua, wanasafisha, chuma kinabaki. Kama ni wiki nyingi, uchafu umeshashikana na chuma, hausafishiki, lazima goti lote litolewe na nikae bila goti kwa miezi.

"Na mkisafisha tu, kumbe ilikuwa wiki nyingi?" Nyangeta akauliza.

"Itarudi, na itarudi na nguvu. Hapo tutakuwa tunazungumzia kukata."

Nilisikia kila neno, na bado nikashikilia siku zangu nne. Siku nne zilinipa jibu nililolitaka. Akaandika. Upasuaji wa kusafisha ukapangwa kesho yake.

Kitanda cha jirani alikuwepo Mzee Rajabu, fundi wa makarai na majiko wa pale mjini, mgonjwa wa sukari aliyekuwa na kidonda cha mguu. Alikuwa anafahamiana na wodi nzima. Saa kumi, muda wa kuona wagonjwa, mke wangu alikuja na mchuzi wa samaki, sato, kwenye kibuyu cha plastiki. Nyangeta alikuwa amekwenda duka la dawa. Mke wangu alinimiminia mchuzi, kisha akakaa bila kunipa kijiko.

"Kesho wanakupasua kwa kufuata maneno yako," alisema kwa sauti ndogo. "Mimi tangu useme zile siku nne chakula hakipiti. Usiposema wewe, nitasema mimi. Na kama utaniacha kwa ajili hiyo, niache."

Miaka arobaini na mbili ya ndoa, hajawahi kuniambia hivyo.

"Shemeji," Mzee Rajabu akaita kutoka kitandani kwake, "huyu bwana amefanya nini mpaka umnyime kijiko?"

Nikamweleza mimi mwenyewe. Nilipofika kwenye kopo, akajiinua kwa viwiko.

"Dawa ya ng'ombe? Ya ng'ombe hawa wenye mikia?" Alicheka mpaka akakohoa. "Ndiyo maana! Nilikuwa najiuliza wodi hii zizi limeingilia wapi. Sasa kesho ukiamka unacheua, tumwite daktari au tumwite mchungaji?"

Hata mke wangu alicheka, akiwa na machozi. Kisha Mzee Rajabu akafunua shuka miguuni. Mguu wa kushoto ulikuwa na vidole viwili.

"Mimi nilimwambia daktari kidonda kimeanza juzi," alisema. "Kilikuwa na mwezi. Cheka na mimi, lakini mwambie yule daktari."

Nyangeta aliporudi nilimwita asogee.

"Nyangeta, si siku nne. Ni ishirini na tano."

Aliweka mfuko wa dawa kitandani, taratibu.

"Kila jioni nilikuwa nakupigia."

"Ndiyo."

"Kila jioni, baba."

Akageuka akatoka. Nilidhani ameondoka kwenda zake Bunda, na ningemwelewa. Nilianza kuhesabu vitanda ili nisilie mbele ya watu. Baada ya robo saa akarudi, na nyuma yake alikuwa daktari ameshika faili langu.

Daktari hakunigombeza. Alifuta mstari, akaandika mwingine, akasema, "Umeokoa mguu, mzee. Goti hatutaliokoa."

Walilitoa. Mahali pake wakaweka kitu cha saruji chenye dawa ndani, na mguu ukakaa umenyooka kama mpini. Wiki sita za sindano za mshipani, asubuhi na jioni. Mvua za vuli zilianza nikiwa kitandani. Nilizisikia kwenye bati, na upepo wa ziwa ukaingiza harufu ya dagaa wanaoanikwa. Mishipa ya mikono iliisha, wakawa wanaitafuta mpaka juu ya vidole. Ulimi ulikuwa na ladha ya msumari. Sato, ugali, chai, vyote msumari. Paja langu, ambalo lilikuwa linazuia ng'ombe mlangoni pa josho, likawa jembamba kama mkono wa Nyangeta. Nilipopewa suruali nilidhani ni ya mtu mwingine.

Nyangeta alifunga kibanda chake cha kushonea ili aniuguze. Msimu wa kushona sare za shule ulipita kibanda kimefungwa, na wateja wake wakapata mafundi wengine. Hakuniambia; nilimsikia akimweleza mama yake. Kwa wiki nyingi alizungumza nami kwa neno moja moja. Geuka. Meza. Inua. Nilistahili.

Mema madogo yalikuwepo, na ninayataja kwa sababu ndiyo yaliyonivusha. Kulikuwa na muuguzi aliyepasha mikono yake kwenye kikombe cha chai kabla ya kunigusa. Mke wa Mzee Rajabu alikuwa akileta uji wa ulezi wa mumewe, analeta na wangu, tena wangu anautia sukari huku mumewe akiangalia kwa wivu. Na Mzee Rajabu, alipotoka hospitali, alirudi mara mbili kwa magongo kuniona. Kila aliposimama mlangoni mwa wodi aliniamkia kwa mlio wa ng'ombe.

Baada ya sindano nikahamia kwa Nyangeta, kusubiri damu isafike ndipo wanipe goti jingine. Kusubiri huko simtakii hata adui. Unakwenda Musoma, unatolewa damu, unakaa benchi, unaitwa, unaambiwa bado kidogo. Mara ya kwanza bado. Mara ya pili bado. Nilianza kuogopa hata sauti ya viatu vya karani anayeleta majibu. Kila alfajiri niliweka kiganja goti la kulia, kisha la kushoto, kisha la kulia tena, nipime lipi lina joto, mpaka nikawa sijui joto ni la goti au la mkono. Mara ya tatu wakasema ile alama ya ugonjwa kwenye damu imeshuka.

Goti la pili niliwekewa baada ya Mwaka Mpya. Masika yalipoanza kulainisha shamba nilikuwa natembea kutoka mlangoni kwa Nyangeta mpaka kwenye lango lake na kurudi. Jioni moja, tukiwa tumekaa barazani, nilimwomba msamaha. Niliusema wote, na goti, na kibanda, na mama yake, na zile simu.

"Nimeshakusamehe, baba," alisema. "Inua suruali."

Kila siku anasema hivyo. Haulizi tena mguu vipi. Anataka kuona kwa macho. Nainua, anainama, anaangalia, anaendelea na kazi. Hilo ni lingine lililobaki na halitanyooka, na ni mimi niliyelipinda.

Hofu haijaisha. Daktari alisema ugonjwa huu unaweza kurudi hata baada ya miaka, ukipitia kwenye jino bovu au kidonda cha kidole. Jino liliponiuma mwaka huu nilimwambia mtu wa meno kuhusu chuma kabla hajasema nifungue mdomo. Mwiba ukinichoma nasema. Upele ukinitoka nasema. Kopo la bluu nilimpa jirani mwenye ng'ombe.

Mwezi uliopita nilikuwa kwenye benchi lile lile la Musoma, kliniki ya kawaida. Kando yangu alikaa mama mmoja mnene, mchangamfu, mfanyabiashara wa samaki kutoka Murangi. Alikuwa amekuja kuonwa mara ya mwisho kabla ya kuwekewa goti wiki ile. Aliniuliza kama inauma. Nikamweleza yote, kama nilivyoyaandika hapa.

"Mzee!" alipaza sauti, akapiga makofi. "Ulijipulizia dawa ya ng'ombe! Na ulikuwa na akili zako?"

Benchi zima liliangua kicheko, nami nikacheka nao. Waliponyamaza yeye aliendelea kuangalia mikono yake. Kisha akasogea karibu, akainua upindo wa kitenge kidogo tu, nikaona mimi peke yangu. Chini ya goti lile lile la kupasuliwa kulikuwa na kidonda kidogo, pembeni kikiwa chekundu, kimebandikwa jani.

"Niligonga kwenye mtumbwi," alinong'ona. "Nimesubiri goti hili mwaka mzima. Nikisema, si wataniahirisha?"

"Wataahirisha," nikamwambia.

"Sasa?"

Niliinua suruali yangu nikamwonyesha mishono miwili, mmoja juu ya mwingine, na pale ambapo nyama haikurudi. Karani akaita jina lake. Alinyanyuka kwa shida, akatengeneza kitenge chake, akafika mlangoni, akasimama ameshika kitasa, na nikaona ameanza kulia.

Sikuweza kuinuka upesi kumfuata. Lakini mlango haukufungwa vizuri, na nilimsikia akimsalimia daktari, kisha akasema, "Kabla hujaandika, daktari, kuna kidonda hapa sijakionyesha."